Redio Inauliza, Watoto Wanajibu

Tuseme leo jioni kuna mkutano katika kijiji chako. Kengele imepigwa. Watu wamekaa chini ya mwembe. Mwenyekiti anasimama na kusema kwamba darasa la awali limekwisha kujengwa. Bati zimepigwa, sakafu imekauka, na katika mfuko wa shule zimebaki fedha kidogo. Anauliza, "Ndugu zangu, fedha hizi tuzifanyie nini?"

Kijana mmoja aliyerudi kutoka mjini anainua mkono. Anasema, "Ndugu Mwenyekiti, watoto wa mjini wanafundishwa kwa televisheni na tabuleti. Watoto wetu bado wanahesabu kokoto. Na sisi tununue chombo cha kisasa." Watu wanapiga makofi.

Wewe una mtoto wa miaka 5 katika darasa hilo. Unataka kusema neno, lakini unajiambia moyoni, "Mimi nimejua kusoma mwaka jana tu. Nitasema nini juu ya vyombo vya kisasa?" Basi unanyamaza. Mkutano unakwisha. Fedha zinatoka.

Somo hili tumeliandika kwa ajili ya mkutano huo. Ukilisoma mpaka mwisho utaona kwamba jambo la kuuliza unalijua tangu zamani. Ulilijua kabla hujashika kalamu.

Bibi alikuwa anangoja

Kumbuka jinsi bibi yako alivyokuwa akisimulia hadithi usiku. Hakuanza tu kusema. Aliita kwanza, "Paukwa!" Nanyi wajukuu mliitika, "Pakawa!" Kama sauti zenu zilikuwa ndogo, aliita tena. Alijua kwamba mtoto asiyeitika ama amelala ama hasikilizi.

Hadithi ilipofika mahali pa wimbo, bibi aliwaachia ninyi muimbe. Na alipofika mahali pa hatari, fisi anapogonga mlango, alinyamaza. Akawatazama. "Je, wafungue au wasifungue?" Mkapiga kelele, "Wasifungue!" Ndipo akaendelea.

Bibi hakuwa amesoma chuo cha ualimu. Lakini alijua jambo ambalo walimu wengi hulisahau: mtoto mdogo hujifunza kwa kujibu. Hujifunza kwa kuimba, kwa kuruka, kwa kushika, kwa kuuliza. Mtoto aliyekaa kimya nusu saa hajifunzi sana, hata kama macho yake yamekodoka. Naye bibi alikuwa anangoja. Aliuliza, akanyamaza, akawapa nafasi.

Shika neno hili, kungoja. Tutalirudia.

Redio tuliyoijua zamani

Kama una umri mkubwa, huenda unakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo nchini Tanzania kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasomewa kitabu, kisha wakazungumza. Baada ya mazungumzo walitoka na majembe. Walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakafukia madimbwi ya maji yanayozaa mbu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai.

Redio ile haikuchimba choo hata kimoja. Waliochimba ni watu. Redio ilisema, kikundi kikazungumza, mikono ikafanya kazi. Kama watu wangesikiliza na kwenda kulala, tusingekuwa na la kukumbuka leo.

Sasa jiulize, je, njia hiyo inaweza kuwafaa watoto wa miaka 5? Mtoto wa miaka 5 hawezi kusikiliza hotuba. Hata wewe hotuba ndefu hukuchosha. Basi watu walifikiri: redio ya watoto isiwe hotuba. Iwe kama bibi.

Jaribio kubwa la kwanza la namna hii lilifanyika mwaka 1974 katika nchi ya Nikaragua, huko Amerika ya Kati. Watoto wa shule za msingi walifundishwa hesabu kwa redio iliyouliza swali, ikanyamaza kidogo ili watoto wajibu, kisha ikatoa jibu sahihi. Miaka ya 1980 majirani zetu wa Kenya walijaribu njia hiyo hiyo kufundisha Kiingereza. Kisha njia ikafika Zanzibar, na huko waliitumia hata kwa wadogo kabisa.

Tucheze Tujifunze

Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Elimu ya Zanzibar, ikisaidiwa na wataalamu na fedha kutoka Marekani, ilitengeneza vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Vipindi hivyo vilikuwa vya watoto wa awali na wa madarasa ya kwanza. Unguja na Pemba kulikuwa na vijiji visivyokuwa na shule ya awali iliyo karibu. Huko wenyeji walianzisha vikundi vya watoto. Walikutana mahali popote palipofaa: barazani, au chini ya mti. Kiongozi wa kikundi alitoka katika kijiji hicho hicho. Jina la vipindi, Tucheze Tujifunze, lilifupishwa, na vikundi vyenyewe vikaitwa TUTU.

Kipindi cha namna hii huendaje? Tutakueleza, ili ukikiona ukitambue.

Watoto wamekaa nusu duara. Mbele ya kila mtoto kuna kokoto 5. Redio iko juu ya meza ndogo, mahali ambapo wote wanaisikia. Wimbo unalia. Watoto wanasimama na kucheza, maana mtoto aliyekwisha kuruka hutulia vizuri zaidi. Kisha sauti ya redio inasema, "Weka kokoto tatu chini." Redio inanyamaza. Mikono midogo inachakarika. Mwalimu anapita kati yao akitazama. Redio inasema, "Ongeza kokoto moja. Sasa ziko ngapi?" Inanyamaza tena. Watoto wanapiga kelele, "Nne!" Redio inasema, "Nne! Ndiyo, ziko nne."

Umeona? Redio imengoja. Aliyejibu sawasawa anafurahi kwa sababu redio imekubaliana naye. Aliyekosea anasikia jibu papo hapo, wala hachekwi na mtu. Redio haimjui aliyekosea. Watoto wenye haya hupenda jambo hili.

Na tazama, hata hapa kuna kokoto. Yule kijana wetu wa mkutanoni alizidharau, lakini bila kokoto kipindi hicho cha redio hakiendi. Kokoto, vizibo vya soda, magunzi ya mahindi, vijiti na mbegu ni vyombo vya kazi. Ukinunua redio, usitupe kokoto.

Watoto wa Zanzibar walipopimwa, wale waliofuata redio walionekana wamejifunza zaidi ya wenzao ambao hawakuifuata.

Mwalimu yuko wapi?

Wengine husema, "Vizuri, basi redio itafundisha, na mwalimu apumzike." Hapana. Hapo ndipo kazi inapoharibika.

Mimi niliwahi kukaa nyuma ya darasa la awali katika shule moja. Chombo kilichokuwamo kilikuwa televisheni, zawadi ya wafadhili. Mwalimu aliiwasha, akatoka nje kusahihisha madaftari ya darasa la nne, kwa kuwa alikuwa na madarasa mawili. Simlaumu sana. Watoto walitazama picha za rangi wakiwa kimya kabisa. Mgeni mmoja aliyepita mlangoni alisifu akasema, "Watoto hawa wana adabu." Nami nikafikiri hivyo hivyo mwanzoni. Kisha nikahesabu. Kwa dakika 20 hakuna mtoto aliyesema neno, ila mmoja aliyeomba ruhusa kwenda chooni.

Katika kipindi cha redio kinachongoja, mwalimu ana kazi tatu. Kabla ya kipindi, huandaa vitu na kuwaketisha watoto. Wakati wa kipindi, hutembea kati yao na kumwangalia asiyejibu. Baada ya kipindi, hurudia mchezo ule ule bila redio. Kazi hii ya mwisho ndiyo kubwa. Kama watoto wanaweza kuhesabu kokoto redio ikiwa imezimwa, wamejifunza. Kama hawawezi, walikuwa wanafuata sauti tu, kama kasuku.

Mtoto asiyejibu anataka jicho la mtu mzima. Redio haiwezi kumwona. Huenda mtoto huyo ana njaa, maana alitoka nyumbani bila uji. Huenda masikio yake yanauma na hasikii vizuri. Akisogezwa mbele utamwona anabadilika. Au huenda lugha ndiyo inayomshinda. Katika vijiji vingi mtoto huanza shule akiwa anajua Kisukuma, au Kigogo, au Kimakonde, na Kiswahili chake bado ni kidogo. Redio inasema "ongeza", naye hajui "ongeza" ni nini. Mwalimu anayejua lugha ya nyumbani humnong'oneza neno moja tu, na mtoto anaendelea na wenzake. Neno hilo moja redio haina.

Mwongozo wa nchi yetu unataka mwalimu mmoja afundishe watoto 25 katika darasa la awali. Unajua mwenyewe kwamba vijijini wengi huzidi hapo. Watoto wakiwa wengi sana, redio humsaidia mwalimu kwa sababu inawashika wote kwa pamoja naye anapata nafasi ya kutembea. Lakini hata hivyo anahitaji mwenzake. Mama au bibi mmoja wa kijiji akija kwa zamu siku moja kwa wiki, darasa hubadilika. Si lazima awe amesoma sana.

Hesabu ya tabuleti

Sasa tuje kwenye tabuleti. Wengine hamjaiona. Tabuleti ni kama simu pana ya kioo. Huna haja ya kubonyeza vitufe, unaigusa kwa kidole. Ukigusa picha ya kuku, inalia kama kuku. Ukigusa herufi, inaitamka. Ni chombo cha ajabu kwa kweli, wala hatusemi ni kibaya.

Lakini chukua kalamu. Tuseme darasa lina watoto 40, na kijiji kimeweza kununua tabuleti 1. Mwalimu ametenga nusu saa kwa kazi hiyo. Nusu saa ni dakika 30. Kila dakika ina sekunde 60.

30 × 60 = 1,800

Sasa gawanya sekunde hizo kwa watoto 40.

1,800 ÷ 40 = 45

Kila mtoto atapata sekunde 45. Huo ni muda wa kufunga kamba za viatu. Kwa dakika zote zinazobaki atakuwa anatazama mgongo wa mwenzake. Redio moja kwa nusu hiyo hiyo ya saa huwapa watoto wote 40 nusu saa nzima ya kuimba, kuhesabu na kujibu.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kukataa. Kati ya mwaka 2017 na 2019 kulifanyika jaribio kubwa katika mkoa wa Tanga. Watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa tabuleti zenye mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Hawa hawakuwa wadogo kama wa awali. Walikuwa na umri wa miaka 7 na kuendelea, na wengi wao hawakuwahi kwenda shule. Kila mtoto alikuwa na tabuleti yake. Vijijini viliwekwa vituo vya umeme wa jua vya kuzichajia. Lilikuwa shindano la dunia, na washindi wawili waligawana zawadi ya dola milioni 10 za Marekani.

Matokeo yalikuwaje? Kabla ya jaribio, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Hilo ni jambo kubwa. Watoto walijifunza wenyewe, wakisaidiana, mahali ambapo hapakuwa na mwalimu. Lakini soma tena kwa makini. Nusu moja waliweza kusoma neno. Nusu nyingine hawakuweza, ingawa kila mmoja alikuwa na tabuleti yake mkononi, na umeme wa jua, na mafundi nyuma yake. Kijiji chako kitapata tabuleti ngapi? Nani atakuwa fundi?

Nimeona pia shule ambayo tabuleti zilifungiwa ndani ya kabati. Kufuli kubwa, ufunguo kwa mkuu, na makaratasi ya nailoni hayajaondolewa kwenye kioo. Waliogopa zisivunjike. Chombo kinachoogopwa hivyo hakina kazi katika darasa la watoto, kwa sababu watoto huangusha vitu. Ndiyo tabia yao.

Macho ya mtoto

Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Lilisema mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo cha televisheni au simu. Wa miaka 2 mpaka 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Lilisema pia kwamba watoto hao wapate muda usiopungua dakika 180 kila siku za kukimbia, kuruka na kucheza, na kwamba wa miaka 3 na 4 walale saa 10 mpaka 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana.

Kwa nini? Mwili wa mtoto hujengwa na mchezo na usingizi. Tena lugha yake hujengwa na watu wanaozungumza naye. Kioo kinapochukua saa zake, kinaziondoa mahali hapo. Ndugu msomaji, hili linahusu nyumbani pia. Mama anapopika na kumpa mtoto simu ili anyamaze, tunamwelewa. Kazi ni nyingi. Lakini mtoto akikaa jikoni akiuliza, "Mama, kwa nini maji yanachemka?" yuko shuleni tayari.

Vipo vipindi vizuri vya televisheni kwa watoto wa umri huu. Kimoja ni Akili and Me, kilichotengenezwa Dar es Salaam. Kinamhusu msichana wa miaka 4 anayekaa karibu na Mlima Kilimanjaro. Akilala huota yuko katika nchi ya wanyama rafiki zake, na huko hujifunza herufi, namba na maneno. Kama watoto wakikitazama pamoja na mtu mzima anayewauliza, "Amesema nini? Na wewe ungefanya nini?" wanapata faida. Mtu mzima ndiye anayengoja pale ambapo kioo hakingoji.

Mvua na betri

Tuseme sasa kijiji kimeamua kununua redio. Kuna mambo madogo ambayo huharibu kazi kubwa.

La kwanza ni mvua. Mvua ikipiga bati, redio haisikiki kabisa. Hakuna sauti ya kushindana na bati. Basi mwalimu awe na mchezo wa akiba wa kutumia siku hiyo. Siku za kawaida, kabla watoto hawajaingia, mtu mzima mmoja asimame mstari wa nyuma na mwingine awashe redio. Kama wa nyuma hasikii kila neno, redio isogezwe, au watoto wakae karibu zaidi. Kuongeza sauti mpaka mwisho si dawa. Sauti hukwaruza na maneno hupotea.

La pili ni kipindi chenyewe. Redio bila kipindi cha watoto ni sanduku tu. Kabla ya kununua, mtu atumwe akaulize kwa afisa elimu wa kata: je, kuna kipindi cha watoto wa awali kinachorushwa sasa? Saa ngapi? Kinasikika hapa kwetu? Vipindi vya Zanzibar tulivyovieleza vilikuwa vya mahali pake na wakati wake, usidhani utafungua redio yako kesho uvipate. Kama hakuna kipindi hewani, uliza kama kuna vilivyorekodiwa. Vinaweza kuwekwa katika kadi ndogo ambayo vijana huiita memori, na kuchezwa kwa simu yenye kipaza sauti. Hivi vina faida moja: mwalimu anaweza kukisimamisha na kukirudia. Redio ya hewani haimsubiri aliyechelewa.

La tatu ni nguvu ya kuiendesha. Tuseme redio inatumia betri 4, na betri hizo zinadumu wiki 5. Chukua mwaka wa shule kuwa wiki 40.

40 ÷ 5 = 8
8 × 4 = 32

Kwa mwaka zitahitajika betri 32. Nenda dukani ukaulize bei ya betri moja leo, uizidishe kwa 32. Andika jibu. Halafu swali lenyewe: nani atalipa? Kama jibu halijaandikwa katika muhtasari wa mkutano, redio itanyamaza mwezi wa tatu. Redio au simu yenye kuchajiwa kwa jua hupunguza gharama hii, ingawa ya kuinunua huwa kubwa zaidi. Na wakati wa likizo betri zitolewe ndani ya redio. Zikivuja huila vyuma vyake.

Kuna jambo jingine la bei ndogo ambalo naona halitumiki ipasavyo. Karibu kila kijiji kina mtu mwenye simu inayorekodi sauti. Mrekodi bibi anayejua hadithi. Mwambie asimulie kama kawaida yake, aite "Paukwa!" na anyamaze ili watoto waitike. Siku bibi hawezi kuja darasani, sauti yake itakuja, kwa lugha ambayo watoto wanaielewa. Siku anayoweza kuja, zima simu, umpe kiti.

Kurudi mkutanoni

Sasa rudi chini ya mwembe. Kijana amekwisha kusema. Makofi yamekwisha. Wewe unainua mkono.

Huna haja ya kumpinga kijana huyo. Nia yake ni njema, naye anawapenda watoto. Uliza tu. "Ndugu Mwenyekiti, chombo hiki kikiwashwa, watoto wetu watafanya nini? Watajibu, au watatazama?" Kisha uliza watoto ni wangapi na vyombo ni vingapi. Uliza mwalimu atakuwa wapi wakati huo, na nani amemfundisha kukitumia. Uliza kitatunzwa wapi, na kikiharibika atakitengeneza nani. Waulize hata waalimu wenyewe, maana mara nyingi huamuliwa mambo ya darasa wao wakiwa hawakuulizwa.

Huenda mkutano ukaona redio inafaa. Huenda ukaona kwamba fedha hizo ni afadhali zinunue sufuria ya uji, au zimlipe posho mama atakayemsaidia mwalimu. Au huenda zipo za kutosha kwa redio na sufuria pia. Hatuwezi kukuamulia kutoka mbali. Elimu ya awali ni haki ya mtoto wako. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya kuwa ya lazima, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kwa hiyo unapouliza huombi fadhila.

Fedha zikitolewa, omba kuiona risiti. Isome kwa sauti mbele ya watu: tarehe, jina la kitu, idadi, bei. Sasa unaweza kusoma risiti. Zamani hukuweza.

Kazi ya kufanya wiki hii

Omba ruhusa kwa mwalimu wa awali ukae nyuma ya darasa lake kwa nusu saa. Chukua karatasi na kalamu. Gawa karatasi sehemu mbili kwa mstari. Upande wa kushoto, chora kijistari kila mtoto anaposema, anapoimba au anapofanya kitu kwa mikono yake. Upande wa kulia, chora kijistari kila mwalimu, au redio, au chombo kingine kinapouliza swali na kungoja. Ukimaliza, hesabu pande zote mbili. Ileteni karatasi katika darasa la kisomo, mzilinganishe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Mtoto aliyekaa kimya darasani tunamsifu kuwa ana adabu. Je, ni kweli siku zote? Semeni mnachokijua kutoka nyumbani kwenu.

Darasa lina watoto 60 na tabuleti 2. Nusu saa ikigawanywa sawasawa, kila mtoto atapata muda gani?

Ni nani katika kijiji chenu anayejua hadithi nyingi? Ameulizwa lini mara ya mwisho kuwasimulia watoto?